Kufyeka nyasi za zahanati si somo: walimu wa sekondari na kujifunza kwa kuhudumia jamii

Juzi juzi nilikaa kwenye kikao cha walimu wa sekondari, tumekusanywa kutoka kata kadhaa, na mada mojawapo ilikuwa hii ya mwanafunzi kujifunza kwa kuihudumia jamii yake. Mwezeshaji alianza na swali jepesi tu: "Nani hapa tayari anafanya jambo hili shuleni kwake?" Mikono karibu yote ikapanda juu. Akauliza tena: "Haya, mnafanyaje?" Hapo ndo nikatoa kalamu.

Wa kwanza akasema kwao wanafunzi wanafyeka nyasi za zahanati kila Ijumaa. Wa pili akasema wana shamba la mahindi, wanafunzi wanalima chakula chao. Wa tatu akasema wachelewaji wanapelekwa kuzoa taka sokoni. Wa nne akasema mara moja kwa mwaka wanakwenda kituo cha watoto yatima na sabuni na sukari, wanapiga picha, wanarudi. Wa tano akasema hayo ni mambo ya vyuo, mwanachuo akienda mazoezini. Na aliyekaa pembeni yangu, ambaye hakunyoosha mkono, akaninong'oneza: "Mimi muhtasari wangu wa somo haujafika hata nusu, huo muda wa jamii nitautoa wapi?"

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, maana majibu yote sita mimi mwenyewe niliwahi kuyatoa kwa nyakati tofauti. Nimefundisha sekondari za kata miaka mingi. Kwa hiyo ninayoandika leo siandiki kama mtaalamu anayewasimanga walimu. Naandika kama mtu aliyekosea, akakosolewa na mwanafunzi wake, na akachelewa sana kuelewa.

JAMBO LENYEWE NI NINI?

Tulitengenezee sentensi moja: wanafunzi wanashughulikia hitaji la kweli la jamii, hitaji ambalo jamii yenyewe imelikubali, kwa kutumia yale wanayofundishwa darasani, halafu wanakaa chini kutafakari walichokifanya na walichojifunza. Ukiitazama vizuri sentensi hiyo ina miguu mitatu: hitaji, somo, tafakari. Ukikata mguu mmoja, kigoda kinaanguka. Huduma bila somo ni kujitolea, jambo jema sana lakini si hili tunalozungumzia. Somo bila huduma ni mazoezi ya vitendo. Na vyote viwili bila tafakari ni jasho tu.

Jina lenyewe lilianzia Marekani. Robert Sigmon na William Ramsey ndio wanaotajwa kulitumia mwanzo, mwaka 1967, walipokuwa kwenye programu za kuunganisha vyuo na jamii katika majimbo ya kusini. Fikra zina umri mrefu zaidi. John Dewey alikwishaandika kwamba mtu hujifunza kwa uzoefu, na kitabu chake cha mwaka 1938 kilionya kuwa si kila uzoefu unafundisha. Uzoefu mwingine unamwacha mtoto palepale, au unamrudisha nyuma. Hilo onyo la mwisho tulishike, tutalihitaji.

Sasa mwaka huo 1967 haukukukumbusha kitu? Februari Azimio la Arusha, Machi Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Yaani wakati Wamarekani wanatafuta jina, sisi hapa tulikuwa na waraka mzima wa kitaifa unaosema shule isijitenge na jamii inayoizunguka.

MWALIMU ALISEMA NINI, SISI TUKASIKIA NINI

Watu wengi wakisikia EK wanakumbuka jembe. Ni kweli, Mwalimu alitaka kila shule iwe pia shamba au karakana. Lakini soma tena. Alitaka shamba lile lifundishe: wanafunzi walinganishe mbolea na njia za kilimo, watunze kumbukumbu, wajue hesabu za mapato na matumizi, na washiriki kwenye kuamua. Alitaka pia mtihani upunguziwe ukubwa machoni mwa serikali na machoni mwa watu.

Kilichotokea mashuleni tunakijua. Jembe lilibaki, maamuzi yakahamia ofisi ya mkuu wa shule, mtihani ukazidi kuwa mfalme. Mwanafunzi akalima bila kujua gunia ziliuzwa shilingi ngapi. Na pale jembe lilipogeuzwa kuwa adhabu ndipo tulipoharibu kabisa, maana tulimfundisha mtoto kwamba kazi ya mikono ni mahali pa kupelekwa mtu aliyekosa. Kama unataka kizazi kichukie kilimo, hiyo ndiyo njia.

Tena tulikwishaona mapema kwamba huduma ya kulazimishwa tu haimshawishi mtu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kwenda JKT, na Mwalimu akawarudisha makwao karibu 400. Unaweza kusema walikuwa vijana wenye kujisikia, na huenda ni kweli. Lakini mwalimu wa darasani ana swali jingine la kujiuliza: ni nani aliwahi kukaa na vijana wale wakaelewana kwa nini huduma ile inahitajika?

Hata hivyo tuna mifano mizuri ya kwetu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wazee wetu wanaikumbuka. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza kipindi redioni, wakasoma kijitabu, wakajadili, halafu wakainuka kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Ona mpangilio: kujua, kujadili, kutenda. Haikuwa shule ya sekondari, lakini ilikuwa karibu sana na jambo hili kuliko yale ya kufyeka kila Ijumaa.

TURUDI KWENYE MAJIBU YALE SITA

Kufyeka zahanati: kuna hitaji, labda. Somo hakuna, tafakari hakuna. Ni usafi.

Shamba la shule: linaweza kuwa darasa zuri la Kilimo, Baiolojia na Hisabati kama mwalimu amekusudia. Lakini anayehudumiwa pale ni shule yenyewe. Hiyo ni kujitegemea, nayo ina heshima yake. Kujitegemea na kuhudumia jamii ni ndugu, si mapacha.

Kuzoa taka kama adhabu: hapana jamani. Hata tusibishane.

Kutembelea yatima: huruma ni nzuri. Ila waulize wanafunzi wakirudi, wamejifunza nini kuhusu sababu za watoto kufika pale? Na watoto wa pale waliulizwa kama wanataka kupigwa picha? Mara nyingi jamii inageuzwa mpokeaji wa sabuni, na mwanafunzi anarudi akijiona mkubwa. Huo ni uzoefu wa aina aliyoionya Dewey.

Mazoezi ya vyuo: pale anayenufaika zaidi ni mwanachuo, anajifunza kazi yake. Kwenye hili tunalozungumza, faida inatakiwa igawanyike pande mbili. Sigmon aliwahi kulionyesha kwa njia rahisi, kwa kuandika maneno mawili, huduma na kujifunza, akibadilisha lipi liwe kwa herufi kubwa na lipi kwa herufi ndogo. Pale yote mawili yanapokuwa kwa herufi kubwa, ndipo penyewe.

Na yule jirani yangu wa muhtasari: huyu ndiye namheshimu kuliko wote, kwa sababu alisema ukweli. Nitamjibu mbele kidogo.

KIJANA ALIYENIULIZA

Mwaka 2008 nilikuwa nafundisha shule moja ya kata mkoani Singida. Mnakumbuka enzi zile, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza 2004 na shule zikaota kila kata. Wananchi walibeba mawe, mchanga na maji kwa vichwa vyao ili madarasa yasimame. Mimi nilipewa usimamizi wa kazi za nje, na kila Ijumaa nilipeleka vijana zahanati kufagia na kufyeka. Kwenye ripoti niliandika: "Shule inashirikiana na jamii."

Ijumaa moja kijana wa kidato cha tatu akaniuliza mbele ya wenzake: "Samahani mwalimu, hii iko kwenye somo gani?" Wenzake wakaguna. Nikaona amenidharau. Nikampa kona yake peke yake ya kufyeka wiki nzima. Alifyeka, hakusema neno.

Mwaka 2017 nikakutana naye stendi ya mabasi, mtu mzima, fundi wa pampu za visima. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, hujambo baba?" Tukanywa chai. Akaniambia bila hasira yoyote: "Mwalimu, ile zahanati tuliifagia miaka yote minne. Sikuwahi kujua kwa nini watu wanajaa pale msimu wa mvua. Nimekuja kujua nilipoanza kazi hii ya visima. Vyoo viko juu, visima viko chini, mvua inashusha kila kitu. Na mada ya magonjwa ulitufundisha wewe."

Sikuwa na la kujibu. Nilifundisha kipindupindu na kuhara ubaoni Jumatano, na Ijumaa nikawapeleka vijana walewale mlangoni kwa wagonjwa wa kuhara, wakafagia majani, wakarudi. Hatua mia moja kati ya somo na ugonjwa, na mimi mwalimu sikuziunganisha.

TULIJARIBU HIVI

Mwaka uliofuata, nikiwa kituo kingine lakini mkoa huohuo, tulianza upya na kidato cha tatu. Safari hii hatukuanza na mafyekeo. Tulianza na maswali. Wanafunzi walimwuliza nesi wa zahanati, mtendaji wa kijiji na akina mama kisimani: hapa tatizo kubwa ni lipi? Niliogopa watasema barabara, tungefanyaje? Wakasema maji na matumbo.

Basi tukagawana. Mwalimu wa Jiografia akawasimamia kuchora ramani ya kitongoji, visima, vyoo na mwelekeo wa mteremko. Wa Hisabati akawafanya wapime umbali kwa futi ya kamba na kutafuta wastani, halafu wachore grafu. Mimi wa Baiolojia nikashika njia za maambukizo. Ushauri wa kawaida ni kwamba kisima na choo viachane angalau mita 30, na choo kisiwe upande wa juu. Vijana walirudi na vipimo, na visima vingi vilikuwa havifiki mita hizo. Wa Uraia akaeleza serikali ya kijiji inafanyaje kazi, na kwamba mkutano mkuu wa kijiji ndipo mahali pa kulipeleka jambo.

Sasa sikilizeni kilichonishtua. Vijana wale walikuwa wanajua kueleza kuenea kwa ugonjwa kwa Kiingereza, neno kwa neno kama kwenye daftari. Tulipofanya mazoezi ya kuwaeleza wanakijiji, wakakwama. Bibi mmoja aliyekuwa anawasikiliza akasema, "Mjukuu wangu, unasema au unakariri?" Darasa zima lilicheka, lakini lilikuwa swali zito. Aliyeokoa jahazi ni binti mmoja ambaye darasani hakuwahi kunyoosha mkono. Akachukua kikombe, mchanga na maji yenye wino, akamwonyesha bibi jinsi uchafu unavyoshuka ardhini, akieleza kwa Kinyaturu na Kiswahili. Nilikuwa nimemwandikia "mzito" kwenye ripoti ya muhula. Kumbe mzito nilikuwa mimi.

Mkutanoni hali haikuwa laini. Kiongozi mmoja wa kitongoji alikasirika kwa sababu kisima cha kwake kilikuwa kwenye ramani. Akataka kujua nani kawatuma watoto kuwaumbua wazazi. Hapo nilijifunza kosa letu: tulitakiwa kumpelekea vipimo nyumbani kwake kwanza, kwa adabu, kabla ya kuvianika mbele ya watu. Vijana wakamwendea siku ya pili, wakaomba radhi kwa namna ile, lakini vipimo hawakuvifuta. Mwisho kijiji kikakubaliana visima vifunikwe na kujengewa ukingo, maji ya kunywa yachemshwe, na vyoo vipya visichimbwe juu ya visima. Si muujiza. Wengine walitekeleza, wengine walisahau. Na sitawadanganya kwamba matokeo ya mtihani yaliruka mbinguni. Lakini mada ile sikulazimika kuifundisha tena wakati wa marudio.

Baada ya hapo tulikaa vipindi viwili, maswali matatu tu ubaoni: Nini kimetokea? Kina maana gani? Sasa tufanye nini? Kijana mmoja aliandika kwamba alidhani serikali ni ya Dodoma, hakujua kuwa ipo pia chini ya mwembe wa kijiji. Sidhani kama kitabu changu kingemfikisha hapo.

MUDA UTATOKA WAPI?

Nimjibu jirani yangu. Ukiichukua huduma kama kazi ya ziada, muda hautapatikana kamwe, uko sahihi. Njia ni kuanza na mada ambayo LAZIMA uifundishe. Chukua azimio la kazi, tafuta mada moja tu kwa mwaka inayogusa maisha ya watu pale ulipo, na huduma iingie kwenye andalio la somo, pamoja na jinsi utakavyoipima. Mada moja. Sio kila wiki.

Halafu kuna mambo ya kuzingatia ambayo mimi nimeyalipia ada:

1. Anza na kuuliza, usianze na jembe. Jamii iseme, na wanafunzi wachague.

2. Wazazi na uongozi wa kijiji au mtaa wajue mapema, na ruhusa iwepo. Usalama kwanza: hakuna mtoto kushuka kisimani wala kugusa uchafu kwa mikono mitupu.

3. Kuchota maji nyumbani kwa mwalimu si huduma kwa jamii. Tusijidanganye. Na angalia wasichana wasiachiwe ndoo na mifagio huku wavulana wakishika karatasi na kalamu.

4. Pima kilichojifunzwa, usihesabu masaa. Jimbo la Maryland kule Marekani liliweka mwaka 1992 sharti la masaa 75 ya huduma kabla ya kumaliza sekondari. Masaa ni rahisi kuyahesabu, lakini mtu anaweza kumaliza masaa yote 75 akiwa amefagia tu kama vijana wangu wa 2008.

5. Tafakari isirukwe. Ndiyo ya kwanza kuachwa muda ukibana, na bila yenyewe tumerudi kwenye mafyekeo.

Naandika haya sasa kwa sababu mambo yanakwenda mbio. Jirani zetu Kenya wamelifanya kujifunza kwa kuhudumia jamii kuwa somo la lazima sekondari ya juu katika mtaala wao wa umilisi, na gredi ya 10 ya kwanza imeanza Januari 2026. Sisi nasi tuna sera ya elimu iliyopitiwa upya 2023 na mitaala iliyoboreshwa inayosisitiza ujuzi na stadi za maisha. Ni vizuri. Lakini sera haiingii darasani, anayeingia ni mwalimu. Na kama mwalimu ameelewa kwamba huduma maana yake ni fyekeo, basi mtaala mpya utaleta mafyekeo mapya, pengine na fomu ya kujaza juu yake.

Wale wananchi waliobeba mawe kichwani walitujengea shule bila kutuuliza somo gani linafundishwa. Deni lao hatutalilipa kwa kufagia. Tutalilipa siku mtoto wao atakapochukua alichojifunza humo ndani akakirudisha kwao kwa lugha wanayoielewa.

Na wewe kijana wa 2008, kama unasoma hapa: swali lako lilikuwa halali. Ile kazi haikuwa kwenye somo lolote. Ilitakiwa iwe kwenye somo langu.

Walimu, wazazi, na nyie mliopita kwenye mafyekeo, hebu semeni hapo chini: shuleni kwenu ilikuwaje, au ikoje mpaka leo? Wanaopinga pia karibuni.